Alama Maalumu Kwenye Slaidi kwa Makro: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa walimu wa sayansi wa Kigoma, watu wa miradi ya ziwa, na vijana wa stesheneri za Mwanga na Ujiji wanaoletewa kazi kila siku na watu wasiotaka kusubiri. Malalamiko ni yale yale kila muhula: alama ya nyuzi (°) imekuwa alama ya kuuliza, tiki imekuwa ü, ile 2 ya H2O imekataa kushuka. Dawa ya mengi ni makro, yaani maagizo mafupi unayoyaandika mara moja na PowerPoint akayatekeleza kila ukitaka. Majibu yanahusu PowerPoint ya Windows, toleo la 2010 na yaliyofuata. Msimbo wote unaweza kuunakili kama ulivyo.

Kwani alama ya nyuzi nayo inahitaji makro?

Ikiwa ni moja tu, hapana. Nenda "Insert", kisha "Symbol", ichague, maisha yaendelee. Au shikilia Alt, andika 0176 kwa namba za upande wa kulia wa kibodi huku Num Lock ikiwa imewashwa, halafu achia. Kompyuta mpakato nyingi ndogo hazina namba hizo, na zile za safu ya juu hazikubali.

Ukiwa unaiandika mara chache kila wiki, mfundishe PowerPoint mwenyewe: "File", "Options", "Proofing", "AutoCorrect Options". Mwambie kila ukiandika @C aweke °C. Hiyo inatosha watu wengi, na ningependa uijaribu kabla ya kusoma zaidi.

Makro inaanza kulipa pale kazi inapojirudia au inapotoka kwa mtu mwingine. Mfano, umeletewa slaidi 60 za mada ya Joto ambazo mwandishi wake aliandika "25 digrii C" kila mahali. Au una majedwali ya joto la maji kwa kila kina cha ziwa, na kila kisanduku kinadai ° na ±. Hapo kubofya "Symbol" kisanduku kimoja kimoja ni adhabu.

Makro inaandikwa wapi?

Fungua slaidi zako, bonyeza Alt na F11 kwa pamoja. Litafunguka dirisha jingine lenye sura ya zamani kidogo. Usiogope, halijabadilika kwa miaka mingi. Bofya "Insert", kisha "Module". Ukurasa mweupe utakaotokea ndipo unapoandika. Ukimaliza, rudi kwenye slaidi, bonyeza Alt na F8, chagua jina la makro, bofya "Run".

Waliozoea Excel huuliza kitufe cha kurekodi kiko wapi. Hakipo. PowerPoint ilikuwa nacho hadi toleo la 2003, kikaondolewa 2007, na hadi leo hakijarudishwa. Kwa hiyo huku lazima uandike mwenyewe, au unakili kwa aliyeandika.

Nionyeshe iliyo fupi kuliko zote.

```
Sub WekaNyuzi()
    ActiveWindow.Selection.TextRange.InsertAfter ChrW(176) & "C"
End Sub
```

Bofya ndani ya maandishi, mwishoni mwa 25, kisha endesha makro. Utapata 25°C. Kazi yote iko kwenye `ChrW`: unaipa namba, inakupa herufi yenye namba hiyo katika orodha ya Unicode, ambamo kila herufi na kila alama ya lugha za dunia ina namba yake. `InsertAfter` inaiweka mwishoni mwa ulichochagua bila kukifuta.

Kwa vitabu vya sayansi, kati ya 25 na °C kuna nafasi. Tumia `ChrW(160)` badala ya nafasi ya kawaida: inaonekana vilevile, ila haikubali namba ibaki mwisho wa mstari na kipimo kiangukie mstari wa chini.

Nimebandika ✓ moja kwa moja ndani ya makro, imegeuka "?". Kompyuta ni mbovu?

Nzima kabisa. Lile dirisha la Alt+F11 halielewi Unicode. Linajua tu seti ndogo ya herufi inayotokana na mpangilio wa lugha wa Windows. Kwenye kompyuta nyingi za kwetu, zilizowekwa Kiingereza, seti hiyo ina herufi za Ulaya Magharibi na alama chache. Ndiyo maana ukibandika ° au é au ± inakaa vizuri, unajiona umefaulu, halafu ukibandika ≥ au Ω haikai, na ukibandika ✓ unapata alama ya kuuliza. Na hiyo "?" si picha tu ya kukosekana kwa fonti. Herufi yenyewe imeshapotea, na ukiendesha makro itaandika "?" halisi kwenye slaidi.

Dawa ni moja: ndani ya makro usiandike alama, andika namba yake.

```
Sub WekaTiki()
    ActiveWindow.Selection.TextRange.InsertAfter ChrW(10003)
End Sub
```

Kuna pia `Chr` bila W. Hiyo inaishia 255 na inategemea mpangilio wa kompyuta husika. Zoea `ChrW` kwa kila kitu, hata pale `Chr` ingetosha.

Mbona tiki yangu kwenye simu za wanafunzi inaonekana ü?

Hili ndilo swali ninalotaka kulijibu kwa kirefu, kwa sababu makro nyingi zinazosambazwa zinalisababisha.

Kuna njia mbili za kupata tiki. Ya kwanza ni hii:

```
ActiveWindow.Selection.TextRange.InsertSymbol "Wingdings", 252, msoFalse
```

`InsertSymbol` ni amri halali ya PowerPoint. Unaipa jina la fonti, namba ya herufi, na kama namba hiyo ni ya Unicode au la. Tatizo ni Wingdings. Fonti hii, iliyoanza kuja na Windows mwaka 1992, ilitengenezwa wakati nafasi za herufi zilikuwa chache mno, hivyo wakachukua nafasi za herufi za kawaida na kuzichorea vipicha. Nafasi ya 252 ni ya herufi ü. Ndani ya Wingdings imechorwa tiki. Nafasi ya 251, û, imechorwa alama ya X. Herufi kubwa J imechorwa uso unaotabasamu, na ndiyo maana barua pepe za watu fulani huishia na J pweke isiyo na maelezo.

Kwa hiyo ulichoweka kwenye slaidi si tiki. Ni ü iliyovaa sare ya tiki. Faili likifika kwenye kifaa kisicho na Wingdings, na simu nyingi za Android hazina, sare inavuliwa. Mwanafunzi anaona ü, au kisanduku kitupu, au hakuna kitu. Hata kwenye kompyuta yako mwenyewe, mtu akichagua maandishi yote na kubadilisha fonti kuwa Arial, tiki zote zinageuka.

Njia ya pili ni `ChrW(10003)`. Hiyo ni tiki kwa jina na kwa namba. Simu ikikosa fonti uliyotumia, itatafuta fonti nyingine yenye herufi namba 10003 na kuichora. Inaweza kuwa nyembamba au nene kidogo kuliko uliyoona kwako, lakini itakuwa tiki.

Fonti ya Symbol ina ugonjwa huohuo. Ndani yake p ni π, q ni θ, na W ni Ω. Mwalimu wa Fizikia anayeweka 10 Ω kwa njia hiyo anaweza kufika darasani akaonyesha "10 W", na hapo ukinzani (om) umegeuka nguvu ya umeme (wati) mbele ya kidato cha nne. Weka `ChrW(937)` uwe salama.

Je, `InsertSymbol` itupwe? Siitupi. Inafaa pale unapotaka kuilazimisha alama itoke kwenye fonti fulani, kwa mfano:

```
ActiveWindow.Selection.TextRange.InsertSymbol "Segoe UI Symbol", 10003, msoTrue
```

Hapo namba ni ya Unicode kweli, na fonti ni ya kuipamba tu. Ukitumia amri hii, weka kielekezi mahali patupu. Usichague neno zima kwanza.

Namba za alama nazipata wapi?

Fungua "Insert", "Symbol". Chini kulia pana neno "from". Chagua "Unicode (hex)". Bofya alama unayoitaka na usome "Character code". Ikiandika 2713, ndani ya makro andika `ChrW(&H2713)`. Ile &H inaiambia makro kwamba namba ni ya heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16. `ChrW(&H2713)` na `ChrW(10003)` ni kitu kimoja.

Kama alama tayari iko kwenye slaidi na hujui namba yake, ichague, nenda dirisha la makro, bonyeza Ctrl na G, kisha andika:

```
? AscW(ActiveWindow.Selection.TextRange.Text)
```

Bonyeza Enter, namba itatoka. Ikitoka hasi, ongeza 65536.

Zinazoulizwa zaidi hapa ni hizi. Za vipimo: ° ni 176, ± ni 177, µ ni 181, × ni 215, ÷ ni 247. Za hisabati: √ ni 8730, ∞ ni 8734, ≈ ni 8776, ≠ ni 8800, ≤ ni 8804, ≥ ni 8805, ∩ ni 8745, ∪ ni 8746, ∴ ni 8756. Za Kigiriki: α ni 945, β ni 946, θ ni 952, π ni 960, Δ ni 916, Ω ni 937. Mishale: → ni 8594, na ⇌ ya mmenyuko unaorudi nyuma ni 8652. Nusu ni 189 na robo ni 188.

Alama ya shilingi? Hakuna ya kutafuta. "/=" ziko kwenye kibodi yako.

Makro inaniletea ujumbe wa kosa kwamba hakuna kilichochaguliwa.

Ujumbe unasema "Nothing appropriate is currently selected". Maana yake umebofya slaidi yenyewe kule kushoto, au hujabofya popote. Makro inatafuta kielekezi, kile kistari kinachowaka na kuzima ndani ya maandishi. Ongeza ulinzi huu mwanzoni mwa makro yako, chini ya mstari wa `Sub`, ili aliyekosea aambiwe kwa Kiswahili:

```
If ActiveWindow.Selection.Type <> ppSelectionText Then
    MsgBox "Bofya kwanza ndani ya maandishi."
    Exit Sub
End If
```

Wakati slaidi zinaonyeshwa kwenye projekta hakuna kuchagua maandishi, hivyo makro za aina hii hazifanyi kazi hapo. Kuna njia nyingine, iko chini.

Nataka kubadilisha alama za faili zima kwa mpigo.

Hapa ndipo makro inapostahili jina lake. Utaratibu ninaoupendekeza: anayechapa asihangaike na alama kabisa. Aandike vifupisho mlivyokubaliana, kama #nyuzi# au #tiki#, hata akiwa anachapa kwenye simu. Faili likifika kwako, makro inavigeuza vyote.

```
Sub BadilishaZote()
    Dim s As Slide, sh As Shape
    For Each s In ActivePresentation.Slides
        For Each sh In s.Shapes
            Pitia sh
        Next sh
    Next s
    MsgBox "Tayari."
End Sub

Sub Pitia(sh As Shape)
    Dim i As Long, r As Long, c As Long
    If sh.Type = msoGroup Then
        For i = 1 To sh.GroupItems.Count
            Pitia sh.GroupItems(i)
        Next i
    ElseIf sh.HasTable Then
        For r = 1 To sh.Table.Rows.Count
            For c = 1 To sh.Table.Columns.Count
                Geuza sh.Table.Cell(r, c).Shape.TextFrame.TextRange
            Next c
        Next r
    ElseIf sh.HasTextFrame Then
        Geuza sh.TextFrame.TextRange
    End If
End Sub

Sub Geuza(tr As TextRange)
    Badili tr, "#nyuzi#", ChrW(176)
    Badili tr, "#tiki#", ChrW(10003)
    Badili tr, "#kosa#", ChrW(10007)
    Badili tr, "#om#", ChrW(937)
    Badili tr, "#kama#", ChrW(8776)
    Badili tr, "#m2#", "m" & ChrW(178)
    Badili tr, "#m3#", "m" & ChrW(179)
End Sub

Sub Badili(tr As TextRange, ByVal tafuta As String, ByVal weka As String)
    Dim k As TextRange
    Do
        Set k = tr.Replace(tafuta, weka)
    Loop Until k Is Nothing
End Sub
```

Vipande vinne, na kila kimoja kina sababu. `BadilishaZote` inapita slaidi zote. `Pitia` ipo kwa sababu maandishi hujificha: mengine yako ndani ya maumbo yaliyounganishwa kuwa kundi, mengine ndani ya majedwali, na makro isiyoingia humo itakuambia "Tayari" huku nusu ya kazi haijaguswa. `Geuza` ndiyo orodha yako. Ongeza mistari upendavyo. `Badili` inarudia kwa sababu `Replace` ya PowerPoint hubadilisha ya kwanza tu inayoikuta, kisha inasimama.

Angalia jambo moja kabla ya kuongeza mistari: alama unayoweka isiwe na kifupisho unachotafuta ndani yake. Ukisema "tafuta C, weka °C", itaikuta C ileile kila mara na kuzunguka bila kukoma. Ikikutokea, bonyeza Ctrl na Break, au Esc.

`Replace` ina fadhila moja kubwa kuliko kuandika upya `.Text` yote: haivurugi rangi, herufi nene wala ukubwa wa maneno ya jirani. Makro zinazosoma maandishi yote, kuyabadilisha, na kuyarudisha, hufuta mapambo yote ya slaidi. Mwenye slaidi hatakushukuru.

Kwa mtu wa ziwa, mstari kama "Eneo #kama# 32,900 k#m2#, kina cha juu 1,470 m, joto la uso wa maji > 24 #nyuzi#C" unatoka safi kwa mara moja. Maandishi yaliyo ndani ya chati hayafikiwi na makro hii. Hayo fungua mwenyewe. Maelezo ya chini ya slaidi nayo yako pembeni, yanapatikana kwa `s.NotesPage.Shapes`.

Hifadhi nakala kwanza. Sihitaji kueleza kwa nini.

Kwenye orodha ya Alt+F8 utaona `BadilishaZote` peke yake. Zile tatu zinazohitaji kupewa kitu kwenye mabano hazionyeshwi. Hazijapotea.

Fomula za Kemia je? H2O, C12H22O11, na chaji za ayoni?

Unaweza kwenda njia mbili. Unicode ina namba ndogo za chini, ₀ hadi ₉, kuanzia 8320 hadi 8329, hivyo ₂ ni `ChrW(8322)`. Ni herufi halisi, zinasafiri vizuri hata kwenye ujumbe wa WhatsApp. Ila si kila fonti inazichora kwa uzuri. Nyingine zinaonekana kama zimeazimwa. Kwa slaidi napendelea kushusha namba ya kawaida:

```
Sub FomulaKemia()
    Dim i As Long, t As TextRange, h As TextRange, n As TextRange
    Set t = ActiveWindow.Selection.TextRange
    For i = 2 To t.Length
        Set h = t.Characters(i, 1)
        Set n = t.Characters(i - 1, 1)
        If h.Text Like "#" Then
            If n.Text Like "[A-Za-z)]" Or n.Font.Subscript = msoTrue Then
                h.Font.Subscript = msoTrue
            End If
        End If
    Next i
End Sub
```

Chagua fomula peke yake, endesha. Namba inayofuata herufi au mabano ya kufunga inashuka. Inayofuata namba iliyokwisha kushuka nayo inashuka, ndiyo maana 12 na 22 za sukari zinatoka sawa. Namba inayotangulia, kama 2 ya kwanza kwenye 2H2O, inabaki juu. Usichague sentensi nzima, maana "Kidato2" nayo itashushwa.

Chaji usiipeleke humo. Fe3+ itatoka imeshuka badala ya kupanda. Andika `"Fe" & ChrW(179) & ChrW(8314)`. Kwa maji ya chumvi ya Uvinza, ambayo ni mfano rahisi kwa mwanafunzi wa mkoa huu, ayoni zake ni `"Na" & ChrW(8314)` na `"Cl" & ChrW(8315)`.

Ukitaka vipeo, kuna mtego. ¹ ni 185, ² ni 178, ³ ni 179, kwa sababu hizo tatu zilikuwepo kwenye seti za zamani. Nyingine ziko mbali: ⁰ ni 8304, na ⁴ hadi ⁹ ni 8308 hadi 8313. Ukidhani zinafuatana utaandika 10²³ kwa herufi za ajabu.

Tuna kikao na wenzetu wa Burundi na Kongo, slaidi ni za Kifaransa na kibodi yangu haina é.

é ni 233, è ni 232, ê ni 234, à ni 224, ç ni 231, ô ni 244, œ ni 339. Ziongeze kwenye `Geuza` kwa vifupisho kama #e/# na #c,#. Zile za chini ya 256 unaweza hata kuzibandika ndani ya makro zikakaa, lakini kompyuta ya mwenzako yenye mpangilio tofauti inaweza kuzisoma vingine. Namba haibishani na mtu.

Hapa hapa Kigoma kuna mfano wa Kijerumani. Anayeandaa slaidi za historia ya MV Liemba atahitaji jina lake la kwanza, Graf von Götzen, meli iliyoshushwa majini hapa mwaka 1915. Hiyo ö ni `ChrW(246)`. Utaona watu wanaandika "Gotzen". Wajerumani wenyewe wakikosa ö huandika "Goetzen". Hiyo ndiyo ya kutumia ukishindwa kabisa.

Makro yangu haioni neno "ng'ombe" ingawa naliona kwa macho.

Wanaoandika miongozo ya makro kwa Kiingereza mara nyingi hawalifikirii hili, lakini sisi tuna ng' kila aya. Unapochapa kwenye slaidi, PowerPoint hugeuza kile kikoma cha juu kilichonyooka, namba 39, kuwa kilichopinda, namba 8217. Ndani ya makro kinabaki kilichonyooka. Ukilinganisha kwa `InStr`, amri ya kutafuta neno ndani ya maandishi, hayo ni maneno mawili tofauti. Andika hivi:

```
"ng" & ChrW(8217) & "ombe"
```

Na makro yako inapoandika maandishi mapya, yale marekebisho ya moja kwa moja hayafanyi kazi, hivyo tumia 8217 pia, la sivyo slaidi moja itakuwa na ng' za aina mbili. Wengi hawataona. Mhariri ataona.

Samaki, dole gumba, nyuso za kucheka?

`ChrW` inaishia 65535, na vipicha vingi hivyo viko juu ya hapo. Ukiandika `ChrW(128031)` unapata kosa namba 5. Unahitaji namba mbili zinazoungana. Toa 65536 kwenye namba ya alama. Gawanya kwa 1024. Sehemu nzima ijumlishe na 55296, baki lijumlishe na 56320. Kwa samaki 🐟 inatoka `ChrW(55357) & ChrW(56351)`. Dole gumba 👍, namba 128077, ni `ChrW(55357) & ChrW(56397)`.

Makro itavihesabu kuwa herufi mbili, kwa hiyo usije ukavikata katikati kwa `Characters`. Na kwa slaidi za ripoti ya dagaa na migebuka kwenda wizarani, samaki wa katuni tumia kwa kiasi.

Nataka mwanafunzi abofye jibu wakati wa kipindi, tiki itokee.

Inawezekana, na hii ndiyo njia niliyoiahidi ya kufanya kazi huku projekta inawaka:

```
Sub Sahihi(sh As Shape)
    sh.TextFrame.TextRange.Text = ChrW(10003)
End Sub
```

Chora kisanduku kidogo mbele ya jibu, kichague, nenda "Insert", "Action", "Run macro", chagua Sahihi. Kikibofywa, PowerPoint huikabidhi makro kisanduku hichohicho, hivyo makro moja inahudumia maswali yote. Tiki itabaki pale hata onyesho likiisha. Kwa mkondo wa pili unafuta kwanza. Faili hili, tofauti na mengine, lazima libaki na makro yake.

Naweza kuipa makro kitufe chake kwenye kibodi?

Kwa PowerPoint, si kama Word. Iweke kwenye upau mdogo wa juu kabisa: "File", "Options", "Quick Access Toolbar", kisha chagua "Macros". Ikiwa ya kwanza kwenye upau huo, Alt na 1 zitaiita.

Nimelipokea faili kwa intaneti, Windows imegoma kabisa kuendesha makro.

Tangu 2022 Microsoft inazuia kwa kawaida makro za mafaili yaliyotoka mtandaoni. Kama unamwamini aliyekutumia, funga faili, bofya kulia juu yake, "Properties", weka tiki kwenye "Unblock". Kama humwamini, achana nalo. Na tafadhali, kompyuta ya stesheneri inayopokea fleshi za kila mtu isiwekwe "Enable all macros". Melissa, kirusi kilichosumbua barua pepe za dunia mwaka 1999, kilikuwa makro ndani ya waraka wa Word.

Kwa kazi nyingi za humu hulazimiki kutuma makro kwa mtu. Weka makro zako kwenye faili moja la .pptm (aina ya faili la PowerPoint linalobeba makro), lifungue pamoja na slaidi za mteja, simama kwenye slaidi za mteja, Alt na F8, na kwenye "Macro in" chagua "All open presentations". Alama zinaingia kwenye slaidi zake, nazo zinahifadhiwa kama .pptx ya kawaida. Mteja anaondoka na herufi tu.

Kwenye simu, Google Slides au WPS?

PowerPoint ya simu na ya kwenye kivinjari haziendeshi makro, ila zitaonyesha alama zilizokwisha kuwekwa. Google Slides ina lugha yake, Apps Script, na msimbo wa humu hauingii huko. WPS ya bure kwa kawaida haina sehemu ya makro.

Nikipeleka kuchapa, alama zinabadilika.

Usipeleke .pptx. "Save As", chagua PDF, ambamo fonti husafiri ndani ya faili. Kisha fungua hiyo PDF kwenye simu yako na utazame ukurasa wenye alama nyingi kuliko yote kabla ya kulipia nakala 40.